Majivu ya Mama

Jumatatu, 3 Juni 2024
Miguu imevimba tena. Noella, bibi yangu wa ndoa, amekata sandali nyuma na kisu ili miguu iingie. Munganga wa hospitali anasema figo zimebaki kidogo, tansion, presha ya damu, ndiyo inazimaliza. Kusafisha damu kwa mashine ni Bujumbura, kila wiki, mpaka kufa. Alisema hivyo hivyo, mpaka kufa. Twende na pesa gani?

Basi dawa ya Wahindi. Ayurveda, ndilo jina. Franck wa mtaa wa Kimanga anauza unga wake — uchungu ule! Ameniambia vidonge vya tansion niache, eti vinagombana na mizizi. Na chumvi nisiguse.

Jumapili, 9 Juni
Mama amefika toka kijijini Lubarika, anipikie mwenyewe. Noella amenuna, jiko ni lake. Lakini wiki nzima chakula bila chumvi kilikuwa adhabu, na sombe ya mama, majani yale ya muhogo, iko na ladha! Nimemaliza sahani. Nimelala nikicheka peke yangu.

Jumatano, 12 Juni
Tansion 19/11, juu sana. Franck anasema uchafu unatoka kwanza. Uongo mtupu. Nimekunywa hata hivyo, miye niko na nini ingine?

Jumamosi, 15 Juni
Mikono inakufa ganzi. Moyo unaruka, unasimama, unaruka. Victoire, infirmière, muuguzi jirani yetu, amerudi na majibu ya damu aliyonitoa jana: potasiamu, ile inayovuruga moyo, iko juu sana. Akauliza nakula nini, akaingia jikoni. Kumbe mama anachoma maganda ya ndizi, anachuja majivu, maji yake ndiyo anapikia, kama wazee wa kwao kabla ya chumvi ya duka.

“Mulisema nisitie chumvi,” mama akamwambia. “Haya ni majivu.”

Kweli, tulisema chumvi tu. Victoire alininong'oneza: kwa figo hizi, majivu yanashinda chumvi kwa ubaya, yamejaa potasiamu, yanasimamisha moyo. Nitupe unga wa Franck, niende hospitali leo leo. Nikauliza watafanya nini huko.

“Watajaribu.”

Noella anataka mama aambiwe. Nimekataa. Mama amezika watoto wote, nimebaki miye. Nimwambie amenipikia kifo?

Mama ameingia na sahani, ameketi kitandani, amemega bugali mwenyewe.

“Kula, mwanangu. Leo majivu nimetia mengi, upate nguvu.”

Noella yuko mlangoni, ananiangalia. Nimemwambia mama angoje kidogo, nimalize kuandika. Anangoja.