Kidoti Anamsomea Shangazi Yake

Nyumba ya kona, nyuma ya kituo cha mafuta
Jumapili, tarehe 9

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Goti lako linaendeleaje? Daktari amekukataza ngazi, na ninavyokujua bado unazipanda. Na shemeji, kifua kimemwachia? Sisi ni wazima, ila mimi nina jambo moyoni, na nisipokueleza wewe litanipasua.

Ni habari za Kidoti. Uliponiuliza kwenye simu anaendeleaje na shule nilikujibu "vizuri" kwa sababu wifi yangu alikuwa amekaa pale pale. Ukweli ni kwamba mwalimu aliniita. Mtoto asiposoma ukurasa mzima mbele yake kabla ya shule kufungwa, atarudia darasa. Wenzake wanasoma hadithi, wangu anakwama mstari wa kwanza.

Nimehangaika naye, dada. Kila jioni naacha kushona, naweka mkasi pembeni, namkalisha mbele yangu uso kwa uso, nisipitwe na herufi hata moja. Akikosea nakunja uso. Nikikunja uso analia. Akilia, mimi huyo nimeshapandisha sauti.

Ndipo wifi akaja kukaa nasi, yule msusi, mdogo wake mume wangu, huku akitafuta chumba cha kufungulia saluni. Siku moja akamweka Kidoti chini katikati ya magoti amsuke, akampa kitabu ashike ili atulie. Nikiwa jikoni nikasikia mtoto anasoma. Polepole, anarudia rudia, lakini anasoma! Nilifurahi, ndiyo. Kisha wivu ukanichoma hapa kifuani kama nimemeza pini.

Tangu hapo kila jioni ni "Shangazi, nisuke." Nywele zenyewe zinafumuliwa hata hazijachakaa. Hebu niambie, nani alimzaa? Nani alikesha naye alipougua surua? Nikawa napita mbele yao makusudi, eti natafuta uzi. Baba mtu naye anasema, "Mdogo wangu ana mkono mwepesi." Nikamjibu mkono mwepesi huo mbona sijauona kwenye sufuria. Hakucheka.

Wiki iliyopita nikashindwa kujizuia. Nikamwambia wifi kuna chumba karibu na soko, awahi asije akakikosa. Alinielewa vizuri sana. Akakusanya vitana na mafuta yake, akaniaga kwa heshima, jambo lililoniudhi zaidi. Kidoti alilala bila kula.

Kesho yake nilikuwa na sare za watu za kumaliza, sina muda wa kumkalisha mtu mbele. Nikampa mgongo, nakanyaga cherehani. Mara nikasikia sauti ndogo nyuma yangu. Anasoma! Nikasimamisha cherehani nisikilize vizuri, naye akanyamaza.

"Mbona umeacha?"

"Mama, ukishona huniangalii."

Maneno hayo tu. Nikarudi kukanyaga. Mshono ukafika mwisho, kitambaa kikaisha, yeye bado yuko katikati ya ukurasa. Basi nikakanyaga hivyo hivyo bila kitambaa, uzi unajisokota chini, shingo inaniuma kwa hamu ya kugeuka nimwone. Sikugeuka mpaka alipomaliza.

Kesho ndiyo siku yenyewe. Nimemwomba mwalimu awe anafuta ubao wakati mtoto akisoma, akanishangaa, lakini amekubali. Leo mchana nikamuuliza Kidoti, kwa sauti tamu kabisa, "Nani akusindikize, mwanangu?" Hata hakufikiri.

"Shangazi."

Usidhani wivu umeniisha, dada. Nilikwenda sokoni njia nzima nikisonya. Wifi alifungua mlango, akanitazama, nikasema, "Mtoto anakuhitaji," na hilo neno lilinitoka kwa shida kuliko jino. Atakuja alfajiri kumsuka. Mimi nitakuwa kwenye cherehani, nimewapa mgongo, nikikanyaga.

Msalimie shemeji, na wanangu wote wawili, na mama mkwe wako mwambie gauni lake liko njiani. Mama anakusalimu, anasema umekuwa mgumu wa kupiga simu. Mungu akulinde, akupe goti jipya na akili ya kulitunza. Na kesho saa za shule, popote utakapokuwa, mwombee Kidoti.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, mwenye wivu wake,

Mama Kidoti