Picha Nane za Nyota

Butembo, siku ya Mungu, tarehe 11 mwezi wa tatu 2018

Kwako yaya yangu mupendwa, kaka yangu mukubwa Éliakim,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mudogo wako Emérence, na kutoka kwa Mama na mudogo wetu Sagesse. Ninatumaini barua hii itakukuta muzima huko Kirumba, wewe pamoja na bibi yako Agar na batoto. Je, kikohozi cha yule mudogo kimeisha? Sisi huku tuko, tunashukuru Mungu. Magoti ya Mama yanamuuma wakati wa mvua, lakini anakataa kuacha shamba. Maharagwe yametoka vizuri. Mvua inanyesha kila siku nyuma ya saa sita, na njia ya kushuka sokoni imekuwa matope matupu.

Barua yako ilifika. Dereva wa lori aliitoa ndani ya kofia yake, kavu kabisa, na mimi niliisoma mara tatu. Nitakujibu juu ya Sagesse na Josaphat, ndiyo sababu nimekaa chini kuandika. Lakini univumilie kwanza. Kuna asante ambayo sikukuambia miaka hii yote, na nisipoitanguliza sitapata nguvu ya kuandika yale mengine.

Yaya, nilipoacha masomo mu mwaka wa tano, nilijihesabu kuwa mutu aliyekwisha. Kazi yangu mu studio ya picha ilikuwa kuondoa vipele ku uso wa batu, na kuvalisha banaume koti na cravate ambazo habana, ili picha zao za kitambulisho zionekane za heshima. Wewe ulikuwa mwalimu wa fizikia ku Beni, na kila wiki mbili ulikuwa unarudi nyumbani. Jumamosi moja ukaingia mu studio na clé USB mu mufuko, ukaniambia kwamba kuna darubini inayozunguka juu ya dunia, na kwamba picha inazopiga, nyuma ya muda fulani, zinaachiwa batu bote, mutu anaweza kuzichukua bure. Nilifikiri unanichekesha. Ulifungua fichier, yaani faili, ya kwanza ku machine, na sikuona kitu: giza, na madoa kama chumvi iliyomwagika juu ya makaa.

Kisha ukavuta mwanga wake polepole, na ndani ya giza lile likatokea wingu. Sitasahau. Ulinieleza kwamba darubini haipigi rangi. Inapiga picha za kijivu, moja kupitia kioo kinachopitisha mwanga wa hydrogène tu, ingine wa oxygène, ingine wa soufre, na sisi huku chini ndio tunapanga kila moja rangi yake na kuzilaza moja juu ya ingine. Ulinionyesha mustari mweusi uliokata picha katikati, mahali vipande viwili vya camera havigusani, na yale madoa meupe ambayo si nyota, ni mionzi tu iliyoichapa camera. Wewe ulikuwa unayaondoa moja moja, ukitoka jasho. Nikakuomba unipishe. Mukono wangu ulizoea vipele, yaya! Nilimaliza mu saa moja kazi yako ya siku mbili, na ukasema mbele ya patron wangu kwamba mimi nina jicho kukupita wewe. Hakuna mutu aliyekuwa ameniambia neno kama hilo. Tangu siku ile nilianza tena kusoma vitabu. Mpaka leo, kazi ya studio ikiisha, ninafungua fichier moja ya galaksi na ninakaa nayo, na ninasahau kuchoka. Asante, yaya. Ni wewe uliyenipa.

Na hapa lazima nimuweke Ananie, hata kama jina lake linakuumiza. Ni yeye aliyekuwa na cyber pale juu ya studio. Fichier zilikuwa nzito, moja ilikuwa inaweza kula nusu siku, na connexion ikikatika tunaanza upya. Ananie alikuwa anatuachia machine moja siku nzima, na batu bakinungunika anabaambia kwamba machine ile inafanya kazi ya mbali sana, isiguswe. Picha ikikamilika alikuwa anavuta kiti chake karibu, anatazama, anasema kwa Kinande, "Wasingya kutsibu," asante sana, kana kwamba sisi ndio tuliumba nyota.

Sasa nifike ku mwezi wa kumi na mbili 2014. Unajua vile Beni ilikuwa. Mapanga ya bauaji yalikuwa yamepita vijiji vya Oicha mpaka pembeni ya muji, na batu balikuwa banalala mu makanisa na mu madarasa. Ulinipigia simu ukasema banafunzi bako bamerudi, lakini ukibapa karatasi bachore, banachora tu batu balioanguka chini. Uliniomba picha nane kubwa, za papier ya kung'aa, ubandike ku ukuta wa darasa, bapate kitu kingine cha kutazama. Na uliniomba niache pembeni ya kila picha zile namba zinazoonyesha mahali pake angani, ili bajifunze kuzisoma. Nilizitoa picha nane, nikazitia mu bahasha.

Bahasha ile haikufika darasani. Ilifika mu mikono ya basoda ba jeshi. Baliona mawingu mekundu na ya kijani juu ya weusi, baliona namba pembeni, na balisema hizi ni carte, ramani za adui, na namba hizi ni coordonnées zinazoonyesha kambi za basoda. Asubuhi iliyofuata balikutoa mbele ya banafunzi bako. Ulikaa siku kumi na moja mu cachot, kile chumba chao cha kufungia batu. Ulitoka na sikio moja tu linalosikia.

Ulipokuwa umelala ku hôpital uliniuliza bahasha ilipitia wapi. Nilikujibu kwamba sikusafiri, kwamba nilimupa Ananie ampe dereva mumoja anayemujua. Kisha ukaniambia kwamba siku ya tisa, kupitia ufa wa mulango, ulimuona Ananie ameketi mu bureau ya commandant, na ulibasikia banacheka bote bawili. Ukasema sasa umeelewa kila kitu. Toka siku ile, ndani ya nyumba yetu, Ananie akawa mutu aliyekuuza.

Unakumbuka matanga ya Baba, mu 2016. Ananie alikuja na benchi mbili kichwani mwa mufanyakazi wake, juu ya kusikia batu banakosa pa kukaa. Alikunyooshea mukono. Wewe uliuacha mukono ule hewani, ukamuambia mbele ya bote, "Rudisha benchi zako, sisi hatuombolezi na Yuda." Aliangalia mukono wake, akaushusha, akatoka. Benchi aliziacha. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenu, na beseni ya maji ya kunawa.

Na sasa Josaphat, mutoto wake wa kwanza, anamutaka Sagesse, na Sagesse anamutaka, na famille yao inaomba kuja kujitambulisha Jumamosi ya nyuma ya Pasaka. Wewe umekaa mahali pa Baba, na umeandika hapana. Umeandika kwamba uko tayari kumuona Sagesse akizeeka nyumbani kuliko kuingia mu nyumba ile.

Yaya, Ananie hakuipokea bahasha. Hakuigusa.

Ni mimi niliyesafiri nayo. Nilipanda taxi asubuhi, na ku barrière ya kuingia Beni soda mumoja akaifungua, akauliza kwa Lingala, "Oyo ya nani?" Nilisema ni yangu. Nilisema vile mara moja tu. Balinishusha, balinipeleka mu bureau, na kule ndani, nyuma ya ukuta, kulikuwa mutu analia kwa sauti ya chini, bila kuacha. Commandant akaniuliza nani alitengeneza carte hizi. Picha tatu kati ya zile nane zilikuwa kazi yangu mwenyewe, toka mwanzo mpaka mwisho. Nilimujibu kwamba mimi sijui kitu, mimi ni mutu wa kubeba tu, mwenyewe ni yaya yangu. Nikamupa jina lako, shule unayofundisha, na avenue unayolala. Balinipa karatasi nikaweka signature.

Nitakuandikia na jambo ambalo linanipa haya zaidi ya yote. Habakunipiga. Hata kofi. Soda mumoja aliniletea maji ya kunywa. Ningeweza kusema kwamba balinitesa, na wewe ungeniamini, na ungenilaza kichwa juu ya bega lako. Nilikuwa naogopa tu. Jioni baliniachilia, na sikukupigia simu ukimbie, juu ningekupigia ningelazimika kukuambia ni nani aliyekutaja. Nilirudi Butembo nikalala na nguo za safari. Pale ku hôpital, ulipouliza, jina la Ananie lilitoka mu kinywa changu kwa sababu nilimukuta kila siku na lilikuwa karibu. Sikukusudia kumushitaki. Lakini nilipoona umemushitaki wewe mwenyewe, nilikuacha.

Barua yako ilinivunja. Jumatano nilipanda ku kwake. Cyber haina tena batu mingi, kila mutu ana simu yake, anafanya photocopie. Nilimukuta amefungua imprimante, printa yake, vidole vyeusi kwa wino. Nilisema yote nikiwa nimesimama, haraka, kama mutu anayetapika. Hakuacha kukaza ile vis, skrubu ya machine. Nilipomaliza akasema, "Ninajua, mutoto wangu. Toka siku ya tisa."

Aliposikia umekamatwa, alitafuta njia siku nane mpaka akafika mbele ya yule commandant. Commandant akamuwekea mezani karatasi yangu, akamuuliza kama anamujua huyu musichana. Ananie akajibu kwamba anamujua, na kwamba alichosema juu ya yaya yake ni kweli, picha ni zake, lakini ni picha za nyota. Commandant hakuamini. Basi Ananie akaomba ordinateur, akatoa clé, akafungua zile fichier tatu za kijivu, na akazipanga mbele yake vile alikuwa ametuona tukifanya. Alikosea mara mbili, alisema, juu yeye alikuwa anatazama tu. Mara ya tatu rangi zikatoka. Na commandant, mutu yule mukali, akacheka kama mutoto, akamuita soda mwenzake aje aone, na Ananie naye akacheka, kwa woga na kwa furaha, kwa sababu aliona umepona. Ndicho kicheko ulichokisikia, yaya. Nyuma ya siku mbili ulikuwa inje.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza, hata siku ya matanga, wakati neno moja lingetosha. Akapangusa vidole. Akasema, "Éliakim alikuwa amekwisha kupoteza sikio. Sikutaka apoteze na dada pia." Nikamuuliza kama ana hasira na mimi. Alifikiri kweli, hakunijibu kwa adabu tu. Akasema hasira ilikuwepo, na kwamba kilichomuuma zaidi ni kwamba toka wakati ule hakuna mutu aliyepanda tena kumuonyesha picha.

Ijumaa nilimuambia Mama na Sagesse. Sagesse alitoka mezani na mpaka leo hajaniita kwa jina. Nyuma ya ibada alinipitia kama mutu wa njia. Ana haki. Mama akajifunga kitenge kizuri, akachukua jogoo wetu yule mukubwa chini ya kwapa, na akapanda mulima kwa miguu, na magoti yale, mpaka kwa Ananie. Alirudi bila jogoo. Aliniambia maneno matatu tu, "Andikia yaya yako."

Nimekuandikia. Sikuombi unisamehe mu barua, juu najua mukono wako, ungeandika ndiyo haraka ili nisilie. Chukua siku zako. Ukinikasirikia, nikasirikie mimi peke yangu. Sagesse na Josaphat bapite, baoane. Na kama moyo wako utakuwa bado muzito kwangu, hata hivyo nitabaki na kushukuru: nilipewa yaya aliyenifungulia macho, na jirani aliyebeba aibu yangu miaka mitatu bila kuiweka chini hata mara moja. Mutu anaishi maisha mazima bila kupata hata mumoja wa hao.

Ukikubali kushuka kwa ile Jumamosi, lori inakushusha ku mulango wa soko. Usianzie nyumbani. Panda kwanza kwa Ananie, umunyooshee mukono wewe wa kwanza, na usiongee juu ya benchi, ameshasahau, ao anasema amesahau. Sisi tutangojea. Chakula kitakaa ku moto.

Msalimie sana Agar, na batoto kila mumoja kwa jina lake. Mama anasema uvae pull, sweta yako, Kirumba ni baridi. Mungu akulinde mu barabara na mu kazi yako.

Ni mimi mudogo wako anayekupenda na kukushukuru,

Emérence Kahongya