Swali la Mama Rwamba

Alhamisi, jioni

Bado naona haya. Nimekuwa mkalimani wa serikali tangu kabla ya Hali ya Hatari, na sijawahi kudanganya pande zote mbili kwa siku moja.

Leo barazani Karurumo Bwana DO, mkuu wa tarafa, alisoma mpango wa mtambo wa umeme utakaojengwa mtoni. Alipouliza kama kuna swali, akasimama Mama Rwamba, aliyezika mjukuu wake juzi. Akasema kwa Kiembu, bila kutetemeka: "Watu wa kupima mto mmewapata. Mbona wadi ya wazazi hospitalini ina nesi mmoja tu? Binti yangu alizaa peke yake, mtoto akafa. Nani wa kujibu hilo?"

Homgadi mmoja, askari mgambo wa serikali, akageuka kumtazama. Wiki jana mzee aliyeuliza habari za shamba lake alichukuliwa, hajarudi. Nikaogopa, sijui kwa ajili yake au yangu. Nikamwambia DO kwa Kiingereza kwamba mama anauliza umeme utafika lini.

DO akatabasamu, akasema mipango mikubwa huchukua muda. Ningetafsiri hivyo, mama angejua nimegeuza maneno yake. Basi nikamwambia, "Amesikia. Ataongeza manesi."

Baraza lilipokwisha Mama Rwamba alinifuata hadi penye gari, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, mwanangu. Umenisemea."

Binti yake mdogo anajifungua mwezi ujao. Alikuwa amepanga kumzalisha nyumbani. Sasa, kasema, atampeleka kule kule hospitali.