Nilimdanganya Daktari kwa Sababu Aliyetafsiri ni Mwanangu

Mpendwa Bi Hazel, shikamoo. Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba unisitiri, majina yabadilishe, maana watu wa kwetu hapa Toronto tunajuana mpaka viatu.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na nane, mzaliwa wa Tanga, naishi Crescent Town na mwanangu Muntazir na mkewe Sabika, na kazi yangu ni kupunguza na kukunja nguo kwa fundi mmoja ndani ya jengo la maduka, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa moja jioni, na choo cha pale ni cha karatasi tu, ndani hakuna maji wala kopo, nami tangu utoto bila maji sijioni nina twahara, kwa hiyo miaka sita hii nimejizoeza kutokunywa kitu mchana, kikombe kimoja cha chai ya rangi asubuhi basi, mpaka nirudi nyumbani, na moyoni nilikuwa najisifu kwamba mwili umezoea.

Wiki mbili zilizopita, Jumamosi, napiga pasi suruali ya mteja, maumivu yakanishika ubavu wa kushoto yakashuka hadi kwenye kinena, Bi Hazel mimi nimezaa watoto watatu lakini yale sijapata kuyaona, nikatapika kwenye ndoo ya vitambaa, mwenye duka akampigia Muntazir akanikimbiza hospitali. Wakapiga picha, wakasema kuna jiwe la milimita sita limetoka kwenye figo na limekwama kwenye mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Sasa Kiingereza changu ni cha kata hapa, punguza pale, ikawa daktari anauliza na Muntazir anatafsiri, naye Kiswahili anaelewa lakini akikisema anakivunja kama biskuti, akaniuliza huku anatazama sakafu kama mkojo una damu, kama unaniunguza, kama naenda mara kwa mara. Mimi niliyemwogesha huyu, nimjibu hayo? Nikasema hapana, hapana, hapana. Muuguzi akaleta kikombe cha kupimia, nikamwambia Muntazir aseme mkojo hauji. Na ukweli ni kwamba damu niliiona siku tatu kabla, na kuungua naungua mpaka leo.

Wakanipa dawa za maumivu, na vidonge vya kulegeza mrija ili jiwe lishuke, na chujio la kukojolea ili likitoka nilidake walipime, lakini nyumbani choo ni kimoja, mkwe wangu akakute chujio la mkojo wangu? Nimelificha chini ya sanduku la safari. Karatasi ya maelekezo anayo Muntazir na sijathubutu kumwambia anisomee.

Maumivu yamepungua, ila tangu jana natetemeka, nimejifunika mablanketi mawili na jasho linanitoka, nadhani ni hii baridi ya Novemba. Gazeti likishatoka, Alhamisi yake nina miadi ya kliniki na Muntazir ameomba ruhusa kazini aje kutafsiri tena. Mwenzangu wa msikitini anasema nichemshe nywele za mahindi, jiwe litayeyuka. Je, ni kweli, ili nisiende? Na kama ni lazima niende, nitasemaje mbele ya mwanangu na nimeshasema hapana mara tatu? Namba yangu ya simu nimeiweka chini, lakini tafadhali usipige, nijibu gazetini.

Mama wa Ghorofa ya Kumi na Nne

*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako niliifungua Jumatatu asubuhi, na gazeti hili hutoka Ijumaa. Uliniomba nisipige simu. Nilipiga. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na moja, Mombasa kwanza na kisha hapa, na mtu mwenye jiwe kwenye mrija akianza kutetemeka hangoji Ijumaa, wala hiyo Alhamisi yako.

Ulipokea huku meno yanagongana. Nikakuuliza nani yuko nyumbani, ukasema Sabika, yuko jikoni. Nikasema mpe simu. Ukasema, "Bi Hazel, naona aibu." Nikakwambia aibu utaiona ukishapona, mpe simu! Nashukuru ulimpa, naye akakukimbiza hospitali. Leo naandika ukiwa umelazwa, homa imeshuka, na wewe mwenyewe umeniruhusu nichapishe yote haya ili mwenzako asirudie. Kwa hiyo kaa vizuri, sasa nakugombeza.

Baridi ya Novemba, ebo! Miaka sita uko Canada hujui baridi inakuwaje? Baridi haitoi jasho chini ya mablanketi mawili. Jiwe lilikuwa limeziba njia, mkojo umetuama nyuma yake, na mkojo uliotuama ukaingia vijidudu. Ule moto uliousikia ukikojoa ndio uliokuwa unakwambia. Ungemwambia daktari siku ile, ungetoa kile kikombe, angejua. Homa na jiwe vikikutana ni hatari kubwa, mtu hupoteza figo, na wengine hupoteza maisha katika siku moja au mbili. Kwa hiyo nawe msomaji, ukiwa na jiwe ukapata homa au kutetemeka, au mkojo ukikatika, au ukatapika hata dawa haikai tumboni, usiandikie mtu barua. Piga 911 au nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Na maumivu kupungua hakukuwa dalili ya kupona. Jiwe linaweza kukaa kimya na bado limeziba.

Nywele za mahindi waachie mahindi. Mawe ya namna hii mengi hayayeyuki kwa chai ya aina yoyote. Madogo hushuka yenyewe kwa siku au wiki, na ndiyo maana ukapewa vile vidonge na lile chujio. La milimita sita huenda likashuka, huenda lisishuke. Chujio litoe chini ya sanduku. Jiwe likipimwa likajulikana ni la aina gani, utaambiwa ule nini na upunguze nini, badala ya kila mtu msikitini kukukataza chakula chake.

Sasa umewekewa kimrija ndani, kinachopitisha mkojo pembeni ya jiwe. Kitakusumbua kidogo, utakimbilia choo mara nyingi, na unaweza kuona damu kidogo, usishtuke. Lakini sikiliza vizuri: kile si cha kukaa milele. Vijidudu vikiisha utarudishwa jiwe litolewe, na kimrija kitolewe baadaye. Usiondoke hapo bila tarehe mkononi. Nimewaona waliopona wakajisahau, wakarudi baada ya mwaka kimrija chenyewe kimeota mawe.

Kuhusu mwanao, humkosei adabu ukikataa asitafsiri. Mwambie muuguzi neno moja tu, "Swahili", na uonyeshe simu. Hospitali nyingi hapa zina wakalimani, wengine huzungumza kwa simu tu, hawakuoni wala huwaoni, na hulipi kitu. Omba mwanamke. Muntazir akae nje anywe kahawa. Kuhusu zile hapana tatu, ameshajua, nilimwambia Sabika naye akamweleza kwa simu mkiwa njiani. Unajua aliniambia nini baadaye? Alisema hata yeye alifurahi ulivyojibu hapana, maana hakujua maneno ya kuendelea kuuliza. Mlikuwa wawili mnaoneana haya, na jiwe katikati linaendelea na kazi yake.

Ukitoka, maji. Kunywa mchana kutwa mpaka mkojo uwe mweupe kama maji yaliyodondoshewa ndimu, isipokuwa daktari akikupimia vingine. Punguza chumvi, na achari ni chumvi, usijifanye hujui. Maziwa usiyaache, wanaokwambia maziwa yanajenga mawe wanakosea. Chai ya rangi isiwe ndicho kinywaji chako pekee cha siku nzima.

Najua utasema, na choo cha karatasi je? Hapo sikucheki, dada, twahara yako ni yako. Lakini dawa yake si kukaa na kiu miaka sita. Dawa yake ni chupa ndogo ya plastiki yenye mdomo mwembamba, unaijaza kwenye bomba la kunawia mikono kabla hujaingia.

Sitakwambia inauzwa wapi. Muulize Sabika. Nilipokuwa naye kwenye simu, wewe unatafuta viatu, nilimweleza kwa nini hunywi maji, akalia. Anayo chupa hiyo mkobani tangu aolewe. Ameificha miaka yote hiyo, akiogopa mama mkwe akiiona atamwona hana haya.