Picha ya Ngendo Ukutani

Giakanja, 8 Aprili 1984

Kwako binti yangu Ngendo, huko Norwe,

Hapa tuko wazima. Mvua bado, lakini ng'ombe amezaa ndama jike.

Picha yako imefika, na mchezo wenu sasa nimeuelewa. Mnakimbia juu ya theluji na mbao miguuni na bunduki mgongoni, halafu mnasimama kulenga shabaha huku mnahema. Ukikosa, unaongezewa mzunguko. Ni kama kupandisha mzigo wa kuni mlimani, kisha uambiwe utunge uzi kwenye sindano. Unasema wanaume walianza mashindano ya dunia 1958, wakati sisi tulikuwa bado tumefungiwa na askari wa mkoloni katika kijiji cha Emajensi, ili tusiwalishe wapiganaji wa msituni, na wanawake wameruhusiwa mwaka huu tu. Kumbe hata huko.

Baba yako mdogo Theuri alikuja Jumapili akaiona ukutani. Ati niishushe. Ati msichana wa bunduki hataolewa, tena unaaibisha jina ulilorithi kwa nyanya yako, mama yake Theuri.

Nikammiminia chai, nikamwambia: "Ni kweli, jina ni la mama yako. Ndiyo maana unamwita huyu mtoto mama tangu azaliwe. Na mama yako alipita mbele ya askari na kiondo cha viazi, risasi za watu wa msituni ziko chini ya viazi. Sasa niambie ni Ngendo yupi unamwonea aibu."

Aliondoka bila kumaliza chai. Picha nimeiongezea msumari wa pili.

Ukikosa shabaha, mwanangu, zunguka urudi ulenge tena. Hapa hakuna kitu kitashushwa.

Mama yako,
Waithira