Dripu ya Mama Devota

Jumanne usiku, hospitalini.

Nimechoka mpaka ndevu zinauma. Leo wamempasua Mama Devota, utumbo ulijisokota, na mimi mumewe kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye benchi na kubishana.

Kabla hawajamwingiza, binti wa dawa ya usingizi alikuwa na dripu mbili mkononi. Akairudisha ya chumvi, akabaki na ile wanayoiita Ringa. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, mpe ya chumvi. Ng'ombe wangu akilegea namlambisha chumvi, anasimama."

"Babu, bibi si ng'ombe."

"Hujaishi naye wewe."

Alicheka, kisha akanieleza taratibu. Damu ya bibi imeshazidi asidi kwa huo ugonjwa, na maji ya chumvi yakiingia mengi kwenye upasuaji yanaiongeza. Ringa ina kitu ambacho ini hukigeuza, kikapunguza asidi.

"Kwa hiyo amechacha kama pombe ya rubisi?"

"Karibu na hapo, babu. Ndiyo maana sitaki nimchachushe zaidi."

Utani ukaniishia hapo. Rubisi yangu ikichacha huwa naimwaga, sijawahi kuiona ikirudi. Nilishika rozari nikawa napoteza hesabu, naanza upya, napoteza tena.

Jioni amefumbua macho. Nikamwinamia nimwambie jinsi nilivyompigania apewe chumvi. Akaninong'oneza kwamba nanuka ugoro, nisogee.

Nimesogea, lakini si sana.