Mti Uliotoka Damu Keza

Mama, shikamoo. Ulisema nimesomea kukwangua miti; jana mwenyeji wangu huku Keza, Mama Evodia, alikuzidi. Alinikuta nikidondoshea dawa ya kutoa madoa ya nguo kwenye kuvumwani, yale mabaka ya kijivu kwenye magome.

"Mwanangu, huku hatufui miti!"

Papo hapo baka likageuka jekundu. Akapiga yowe: "Umeutoa damu!"

Nikamweleza kwamba hivyo ndivyo tunavyotambua aina zinazofanana, na kwamba hii sijaiona kwingine. Alikuwa amepanga kuukata mti huo ajengee zizi. Leo asubuhi, ukungu haujaondoka, ameenda kutafuta mikaratusi.

"Chenye damu sikikati," amesema.

Sikubishana naye. Nakukumbatia, mama. Cheka polepole usije ukakohoa.

Mwanao, Adela